Siku Moja Mombasa: Asubuhi Makumbushoni Fort Jesus, Mchana Vichochoroni Mji wa Kale

Mgeni akifika Mombasa na siku moja tu mkononi, mara nyingi huikatakata: nusu saa Fort Jesus, picha moja chini ya zile pembe kubwa za mfano wa ndovu za Moi Avenue, kisha mbio hadi ufuoni. Jioni amechoka, na akiulizwa ameona nini anakumbuka mizinga tu.

Nashauri mpango mwingine. Makumbusho ya Fort Jesus yana jambo ambalo si rahisi kulipata kwingine: vitu vilivyowekwa ndani vina ndugu zao nje ya lango, dakika tano kwa miguu, na wenyewe bado wanavitumia. Nakshi utakayoitazama asubuhi kwenye mbao ya karne ya 18, saa tano utaikuta kwenye mlango ambao mtoto anaufungua akitumwa dukani. Kwa hiyo siku yote hii ina kazi moja. Unalifundisha jicho ngomeni, kisha unaingia mjini kutafuta.

Kuchagua siku

Jumatatu hadi Alhamisi ni nzuri, na Jumamosi pia. Ijumaa ina utamu wake, kanzu zimepigwa pasi na mitaa inanukia udi, ila kuanzia kama saa sita na nusu hadi karibu saa nane maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Ukija Ijumaa, panga chakula chako baada ya hapo. Jumapili ngome iko wazi lakini Biashara Street imepoa, na kukosa leso, yaani kanga, ni kukosa robo nzima ya siku hii.

Mwezi wa Ramadhani usiuogope. Mchana vibanda vya chakula vya Mji wa Kale vimefungwa na si adabu kula wala kunywa barabarani, basi kula kabla ya kutoka na upunguze mzunguko wa mchana. Ikifika magharibi, mitaa ile ile hujaa sambusa, kaimati, viazi vya karai na mikate ya kila aina, na mji huchangamka hadi usiku.

Kuhusu hali ya hewa: Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto ni kali na kila hatua ya mwongozo huu inafaa kuanza mapema. Aprili na Mei ni masika. Mvua ikipiga, njia za Mji wa Kale huteleza na maji hukaa. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa bahari hupita vichochoroni na kutembea ni raha.

Vaa nguo pana za pamba zinazofunika mabega na magoti. Mji wa Kale ni mtaa wa watu wanaoishi na kuswali pale, na mavazi yako ndiyo salamu yako ya kwanza. Mwanamke akiwa na leso moja mkobani hatajuta, maana inafunika kichwa, inatandikwa chini, inakinga jua. Chukua maji, viatu laini, simu yenye chaji ya kutosha, na noti ndogo ndogo, kwa kuwa muuza kahawa hana chenji ya elfu moja.

Kufika mjini

Kutoka Nyali, Bamburi au Mtwapa, panda matatu ya mjini na umwambie makanga akushushe Posta. Kutoka Diani na Ukunda utavuka Likoni kwa feri, ambayo kwa waendao kwa miguu haina nauli, halafu uchukue matatu au tuktuk. Ukishuka kwenye treni Miritini utakuta matatu nje zinaita abiria. Hakikisha unajua nauli kabla ya kukaa.

Kutoka Posta mtu anaweza kukodi tuktuk hadi mlango wa ngome, lakini mimi ningetembea. Fuata Nkrumah Road hadi mwisho wake, mwendo wa robo saa hivi. Njiani utapita Treasury Square, bustani yenye sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyepanga maduka kutoka pwani hadi Uganda. Kabla ya hapo kuna kanisa kuu la Kianglikana lililokamilika mwaka 1905. Simama uangalie kuba lake na matao yake. Wajenzi wa kanisa hilo walikuja wakaona jinsi mji unavyojenga, wakalijenga kanisa lenye sura inayokaribia msikiti. Hilo ndilo somo la kwanza la siku na hujalipia tiketi bado: Mombasa umbo halikai na mwenyewe, hupita mkono hadi mkono.

Ngomeni: fika saa mbili

Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na ngome hufungwa saa kumi na mbili jioni, kila siku ya wiki. Malipo hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hivyo fungua akaunti yako nyumbani, usije ukahangaika na mtandao langoni huku foleni ya wanafunzi ikirefuka nyuma yako. Mkenya abebe kitambulisho, kwa sababu bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni wa nje hazilingani.

Nje ya lango utakutana na vijana wanaojitolea kukutembeza. Wapo waongozaji wenye vitambulisho vya kazi, na mzuri kati yao ana thamani kubwa kwa sababu amekulia hapo na anajua nyumba ya nani ni ipi. Patana naye bei na muda kabla ya kuanza. Kama unataka kutembea peke yako, sema kwa upole: "Ahsante kaka, leo natembea mwenyewe." Inatosha. Usipandishe sauti.

Sasa usikimbilie ndani. Tazama juu ya lango. Kuna maandishi yaliyochongwa mwaka 1635, ya kapteni Mreno Francisco de Seixas de Cabreira, akijisifu kwa kuituliza pwani. Kilichomfanya aandike ni haya: Yusuf bin Hassan, mtoto wa ukoo wa masultani wa Mombasa, alichukuliwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala kwa niaba ya Wareno. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni na kuishika ngome. Mwaka uliofuata aliondoka kwa meli na hakurudi kwenye kiti. Maandishi ya jiwe hilo ni ya upande mmoja, na ningependa kila anayepita chini yake alijue jina la upande wa pili.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno kule India. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, vifaa vile vile vya nyumba za Waswahili. Kuanzia Machi 1696 ilizingirwa na jeshi la Oman kwa miezi 33. Tauni na njaa ziliua wengi zaidi kuliko risasi, na ulifika wakati, mwaka 1697, ambapo aliyeongoza waliobaki ndani alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza. Ilianguka Desemba 1698. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, makumbusho yakafunguliwa 1960, na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Panda kuta kwanza, kabla jua halijakomaa. Tembea ukingoni upande wa bahari, uone jinsi mlango wa maji ulivyo mwembamba na jinsi mizinga ilivyoutawala. Dakika ishirini zinatosha. Ukishuka, nenda kwenye mambo matatu yafuatayo, na katika haya usiwe na haraka.

La kwanza ni michoro ya Wareno. Ni kipande cha ukuta ambacho askari na mabaharia walikichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Hakuna aliyewaagiza, walikuwa watu waliokaa mbali na kwao wakachora walichokifikiria. Kwangu mimi hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ngomeni. Simama mbele yake kwa muda. Jicho likishazoea wekundu na weusi, utaanza kuona meli ambazo mwanzoni ulidhani ni mikwaruzo. Fuata mlingoti mmoja kutoka chini hadi juu, kisha tafuta binadamu aliye karibu nao. Usiguse, na usiruhusu mtoto aguse. Mafuta ya kidole yanaharibu rangi iliyovumilia karne nyingi.

La pili ni ukumbi wa Wamazrui, ukoo ulioitawala Mombasa hadi mwaka 1837. Ukutani kuna nakshi za maua zinazojizungusha, zimefifia lakini zipo, na juu yake mbao zilizochongwa. Hapa toa daftari. Sichekeshi, na hata kama hujawahi kuchora, chora: ua moja, mzunguko mmoja, ukanda mmoja wa pembeni. Mchoro mbaya wa mkono wako utakusaidia mchana kuliko picha hamsini za simu, kwa kuwa mkono ukishapita njia ile, jicho litaitambua popote.

La tatu ni chumba cha maonyesho chenye vyombo vilivyofukuliwa ngomeni na katika miji ya kale kama Gedi, Manda na Ungwana. Usitake kusoma kila kibao. Chagua bakuli moja la Kichina la bluu na nyeupe na ulitazame vizuri, ukijua kwamba mabakuli kama hayo hayakuishia mezani. Watu wa pwani waliyapachika kwenye kuta za misikiti na makaburi, yakawa pambo. Kisha tafuta vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyokuja kuokoa waliozingirwa ikazama mwaka 1697 chini ya ngome yenyewe. Wapiga mbizi wa akiolojia waliifanyia kazi kuanzia mwaka 1977 hadi 1980. Ulipokuwa ukutani dakika chache zilizopita ulikuwa ukiyatazama maji hayo hayo.

Ukimaliza, pitia Nyumba ya Waomani iliyo pembeni, penye vito vya fedha, na upande juu yake. Utaona mapaa ya Mji wa Kale yakiwa yamebanana. Chagua mnara mmoja wa msikiti uwe alama yako. Kisha tumia choo cha ngomeni kabla ya kutoka, maana huko mbele vyoo vya umma ni vichache mno.

Ukitoka, ng'ambo ya njia kuna Mahakama ya Kale, jengo la mwaka 1902. Mara kwa mara huwa na maonyesho ya picha na sanaa. Uliza mlinzi kama kuna kitu leo. Kama kipo, ingia nusu saa.

Mji wa Kale: kutafuta ulichochora

Ingia kwa Mbarak Ali Hinawy Road, njia inayoanzia karibu na ngome na kwenda hadi Bandari ya Kale. Utapita Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe mnene hauna mfano kati ya misikiti mipya. Asiye Mwislamu asiingie bila kukaribishwa. Kuutazama kutoka njiani hakumkeri mtu. Mbele utafika uwanja ulio mkabala na bandari, mahali majahazi yalipokuwa yakishusha tende, mazulia na samaki wakavu. Hapo karibu ni Nyumba ya Leven, iliyobeba jina la meli ya Waingereza iliyofika mwaka 1824 wakati Wamazrui walipotaka ulinzi wao dhidi ya Oman. Bandarini usitoe simu kupiga picha kabla ya kuuliza. Askari wa pale hawapendi, na wana haki yao. Rudi kwa Ndia Kuu, taratibu, ukikata kona zinazokuvutia. Kupotea hapa hakuna madhara, kila kichochoro kinakutoa kwenye njia kubwa au baharini.

Jambo moja wageni hulikosea: wanadhani nyumba hizi zina umri wa ngome. Mpango wa njia ni wa zamani sana, lakini nyumba nyingi unazoziona ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati biashara na reli vilipoleta fedha na mafundi. Ndiyo maana roshani zake za mbao zilizotobolewa kwa ufundi zina mkono wa maseremala wa Kigujarati, kuta ni matumbawe ya pwani, na dari zimeshikwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba: mkoko una urefu wake, na chumba hakiwezi kuushinda. Ukipita penye mlango ulio wazi na dari inaonekana, utaelewa kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba.

Milango sasa. Mlango wa nakshi usomwe kwa sehemu. Kuna miimo, zile nguzo mbili za pembeni, ambazo hubeba ukanda wa nakshi kutoka chini hadi juu. Kuna kizingiti cha juu, ambapo fundi huonyesha uwezo wake wote, na pengine huweka aya, jina au mwaka. Kuna mfaa, ubao mwembamba wa katikati pale mabamba mawili yanapokutana. Halafu mabamba yenyewe, mara nyingine tupu, mara nyingine yamepigiliwa misumari mikubwa ya shaba kwa mtindo uliotoka India. Anza chini ya mwimo mmoja na upande na jicho. Tafuta ua la duara, mnyororo, majani yanayojipinda. Toa daftari, linganisha na ulichochora ngomeni. Utashangaa unavyovikuta, na utashangaa zaidi kwa vile vilivyobadilika, kwa sababu hapo ndipo unapomwona fundi mwenyewe akiamua.

Ukipata mlango wenye michoro ya pembe na mistari badala ya maua, wenye mabaki ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, umepata kitu adimu. Huo ni mtindo wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, na umesafiri mbali hadi hapo.

Kumbuka kwamba mlango huo ni wa nyumba ya mtu. Akiwepo mtu barazani, salimu kabla ya kuinua simu. "Assalamu alaykum, ami. Naomba kupiga picha ya mlango wako." Mara nyingi jibu ni, "Waalaykumu salaam. Piga, mwanangu," na pengine atakueleza nani aliuchonga na nani aliuza ule wa jirani. Mama mtu mzima mwite mama au bi. Watu wenyewe usiwapige picha bila ruhusa, na akina mama waliovaa buibui hasa waache wapite. Kwa watoto, waulize wazazi.

Na hili nalisema kwa moyo wote: usinunue kipande cha mlango wa zamani, hata ukiambiwa kimeokotwa. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakataza kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Lakini hata bila sheria, kila mwimo unaong'olewa na kuuzwa huacha nyumba yenye mlango wa chuma, na makumbusho niliyokuelezea yanapungukiwa na ndugu mmoja. Kama unataka nakshi ya kwenda nayo, agiza kazi mpya kwa seremala. Wapo wanaochonga hadi leo, fremu za vioo, masanduku, vigoda, na hao ndio wanaofaa kupata fedha yako.

Mchana

Kufikia saa saba jua limekuwa kali na rangi za kuta zimekufa kwa mwanga mwingi. Kaa chini ule. Kama ulianza siku kwa mahamri na mbaazi, sasa tafuta pilau, au wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwenye hoteli ndogo zilizojaa watu wa mtaa. Kunywa maji ya ukwaju au ya ndimu. Pumzika hadi saa tisa. Saa hizo za kukaa ni sehemu ya mpango, usizijaze na safari ya kwenda kuona kitu kingine.

Ukitaka kuziona zile pembe za Moi Avenue, zipite ukiwa kwenye tuktuk. Ni za alumini, zilisimamishwa enzi za ukoloni kumkaribisha mgeni wa kifalme wa Uingereza, na dakika tano zinatosha.

Biashara Street: makumbusho yanayokunjuliwa

Alasiri nenda Biashara Street, mtaa wa leso. Wengine huita kanga, Mombasa tunasema leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ndilo lenye alama maarufu ya Mali ya Abdulla inayochapwa kwenye kitambaa. Lakini mtaa mzima umejaa maduka na kila moja lina mzigo wake, hivyo tembea kwanza upande mmoja hadi mwisho kabla ya kununua.

Leso ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Ukiitazama baada ya asubuhi uliyoipitia, utaona ni mpango ule ule wa mlango: ukanda wa nakshi pembezoni, uwanja katikati, maneno mahali pake. Muulize muuzaji aikunjue yote. Asiyetaka kuikunjua, ahsante, nenda duka la pili. Angalia kama pindo limekaa sawasawa pande zote na kama rangi zimeingia vizuri upande wa nyuma. Shika kitambaa: pamba nzuri haitelezi kama nailoni, na ikifuliwa huwa laini.

Soma jina kabla ya kulipa. Leso ya "Nani kama mama" mpelekee mama bila wasiwasi. Leso ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ni nzuri sana, ila ukimpa wifi au jirani ataiuliza maana na hutakuwa na jibu. Usipoelewa fumbo, muulize mwanamke aliye karibu dukani, atakufafanulia kwa furaha, pamoja na nani asipewe. Leso huuzwa pea moja ikiwa imeungana. Wapo mafundi wa cherehani mtaani hapo watakaoikata na kuipinda kwa fedha kidogo wakati unangoja.

Katika kupatana, taja bei yako kwa tabasamu na usishushe hadi kumdharau mtu. "Niwekee bei nzuri, nachukua mbili," hufanya kazi kuliko kugomba. Mtaa huo huo una vikoi na kofia za mkono. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, yenye vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, huchukua muda mrefu sana kwa mshonaji, basi bei yake usiilinganishe na ya mashine. Iweke juu ya mwanga uone vitobo vikitengeneza nakshi. Ni maua yale yale tena.

Kutoka hapo Marikiti si mbali. Soko lile lilifunguliwa mwaka 1914, na pembezoni mwake kuna wauza viungo. Nunua iliki, karafuu na mchanganyiko wa pilau uliosagwa mbele yako. Ondoka kabla ya saa kumi na moja, msongamano ukianza hutoki.

Jioni Mama Ngina

Chukua tuktuk hadi Mama Ngina, bustani ya ufuoni kusini mwa kisiwa, penye mibuyu mikubwa ya kale. Jua la Mombasa huzama upande wa bara, kwa hiyo usije ukitaraji lianguke baharini. Unachokuja kutazama ni meli. Zinapita kwenye mkondo wa kuingia Kilindini, karibu kiasi cha kusoma majina yake, na ukikumbuka meli za makaa ya asubuhi utazitazama hizi kwa namna nyingine.

Kula muhogo wa kukaanga uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, na unywe dafu. Muulize muuzaji aanze na pilipili kidogo kama hujazoea. Ukibahatika kumpata muuza kahawa na dele lake, kunywa kikombe kimoja cha kahawa chungu, halafu cha pili na kashata. Familia nyingi hukaa hapo hadi usiku, lakini simu na mkoba viwe mbele yako, na usishuke kwenye mawe ya ukingoni giza likiingia.

Kurudi, tuktuk zipo barabarani hadi usiku. Wa Nyali na Bamburi wapitie Posta wapande matatu, wa kusini waende moja kwa moja Feri. Ukivuka usipige picha kwenye feri, ni marufuku.

Kama una asubuhi ya pili kabla ya safari, nenda Changamwe kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba, ulioanza mwaka 1963, njia ya kuelekea Port Reitz, si mbali na uwanja wa ndege. Utaona mafundi wamekaa chini ya vibanda wakichonga twiga, vinyago na vijiko, na kuna duka lenye bei zilizoandikwa. Ni mkono tofauti kabisa na ule wa milango, wa watu wa bara walioleta ufundi wao pwani. Fika saa tatu, wakati magogo yanakatwa, na usiingie na begi kubwa la safari kwa sababu njia kati ya vibanda ni nyembamba.